Sheria Iliyouliza Ukuta

Mjadala wa ubaguzi wa rangi ukizuka huku kusini mwa Tanzania, hakosekani wa kusema kwamba Tanganyika tuliponea chupuchupu. Kenya kulikuwa na nyanda za juu za walowezi, Afrika Kusini kulikuwa na makaburu, sisi tulikuwa nchi ya udhamini: Mwingereza alitawala huku akitakiwa kupeleka taarifa kwa Jumuiya ya Mataifa, na baada ya vita kwa Umoja wa Mataifa. Anayesema hivyo hasemi uongo. Zipekue sheria za ardhi za miaka ya 1920, hutakuta kifungu kinachosema mtu mweusi asimiliki nyumba Lindi mjini.

Lakini muulize huyo huyo Uzunguni ni wapi, Uhindini wapi na Uswahilini wapi, atakujibu bila kufikiri. Hapakuwa na geti wala seng'enge. Hakuna askari aliyesimama njia panda akikagua ngozi za watu waliobeba tofali. Na bado miji ilijigawa kwa rangi kwa unyoofu ambao usingeweza kutokea kwa bahati. Nadhani ilikuwa hivi: sheria haikuuliza ngozi yako, iliuliza ukuta wako umejengwa kwa nini na karatasi yako ni ya muda gani. Naona pia kwamba sheria ya namna hiyo ni ngumu kuifuta kuliko ile inayotaja rangi. Yetu haijafutika bado.

Waliotaja rangi bila haya tuwaone kwanza. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya ardhi ya wenyeji mwaka 1913, ikafuata ya maeneo ya mijini mwaka 1923, na mwaka 1950 ikaja ile ya kuwapangia watu maeneo kwa makundi ya rangi. Kwa sheria hiyo ya mwisho District Six, mtaa wa mchanganyiko mjini Cape Town, ulitangazwa mwaka 1966 kuwa wa wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa, nyumba zikavunjwa. Ukatili wake haukujificha. Mwaka 1991 bunge la huko likazifuta sheria za ardhi zenye misingi ya rangi. Umaskini haukuondoka na sheria hizo, na anayekwenda Cape Town leo bado anauona mgawanyo kwa macho, ila ofisa wa ardhi hana tena kifungu cha kuegemea.

Wamarekani walitangulia kutuonyesha kinachofuata sheria inapokatazwa kutaja rangi. Mji wa Louisville ulikuwa na kanuni ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye weupe wengi. Mahakama ya Juu iliibatilisha mwaka 1917. Wenye nyumba hawakulia sana: wakahamishia marufuku kwenye mikataba ya mauziano, anayenunua anaahidi kutomuuzia mweusi. Ikabidi kusubiri hadi mwaka 1948 ndipo mahakama hiyo hiyo iseme kwamba vyombo vya dola haviwezi kuisimamia ahadi ya aina hiyo. Mlango ulifungwa, wakapita dirishani. Watawala wa Tanganyika wao walianza na dirisha.

Wajerumani ndio waliolifungua. Kanuni zao za ujenzi za Dar es Salaam za mwaka 1891 ziliugawa mji kwa aina ya nyumba: huku majengo ya mtindo wa Ulaya, kule majengo imara, na pembeni vibanda. Kisha ikaja amri ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ya tarehe 26 Novemba 1895, iliyoihesabu kuwa mali ya dola ardhi yote ambayo hakuna aliyeweza kuthibitisha umiliki wake. Neno zito hapo ni kuthibitisha. Katika miji ya pwani kama Lindi, Mikindani na Kilwa, wapo waliokuwa na hati za mauziano zilizoandikwa kwa Kiarabu na kushuhudiwa na kadhi. Wengi zaidi walikuwa na minazi, makaburi ya wazee wao na jirani wa kuwatolea ushahidi. Kwa jicho la ofisa wa Kijerumani hao wa pili walikuwa wakaaji tu.

Mwingereza alirithi yote mawili, amri na kanuni, akayavika nguo safi zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya mkono wa Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 marekebisho yakaitambua pia haki ya mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila yake. Kwenye karatasi hilo ni jambo jema, na lina manufaa yake hadi leo. Shida ilikuwa mijini, ambako ardhi ilikwisha kupimwa na mila ikaambiwa isubiri nje.

Kanuni za miji ziliweka kanda tatu. Ya kwanza ni ya makazi ya mtindo wa Ulaya peke yake. Ya pili ni ya biashara na makazi pamoja, duka chini, familia juu. Ya tatu ni ya nyumba za mtindo wa kienyeji. Hakuna kanda iliyoandikwa kwa jina la taifa au rangi, maana hati ya udhamini ilimkataza Mwingereza kubagua raia wa nchi wanachama wa Jumuiya, na Wahindi walikuwa na watu wa kuwasemea London na Delhi. Kwa hiyo ikaandikwa saruji, mawe, ukubwa wa kiwanja, umbali wa ukuta kutoka barabarani, choo cha namna gani. Atakayetimiza hayo, karibu.

Nani angetimiza? Fikiria seremala wa Lindi wa miaka ya 1930, fundi kweli, kazi haimpiti, ana akiba ya miaka kadhaa. Anataka kujenga nyumba ya mawe. Katika kanda ya tatu anapewa kiwanja kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja. Anakwenda kuuliza kama anaweza kupata hati ndefu. Anaambiwa hati ndefu ni ya nyumba ya kudumu, na nyumba za eneo lile ni za muda: miti, udongo, makuti. Basi nijenge ya kudumu, anasema. Nani mwenye akili atamwaga akiba yake yote kwenye mawe na chokaa juu ya ardhi ambayo mwakani anaweza kuambiwa aondoke? Anajenga ya udongo. Ofisa wa mji anapita, anaiona ya udongo, anaandika kwenye taarifa yake kwamba wenyeji hupendelea nyumba za muda.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanaupita mzunguko huu haraka. Nyumba haikuwa ya muda kwa kuwa mtu hakujua kujenga ya kudumu. Pwani hii ilikuwa na nyumba za mawe kabla Mwingereza hajafika Lindi, na Kilwa, mkoa huu huu, ina kuta za matumbawe zilizosimama tangu karne kadhaa kabla ya Mreno wa kwanza. Karatasi ndiyo iliyokuwa ya muda, na ukuta ukafuata karatasi. Kisha ukuta ukageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba. Baada ya vizazi viwili vya mzunguko huo huhitaji tena kumkataza mtu kuingia Uzunguni. Atajikataza mwenyewe, na wanawe watakua wakiamini kwamba zile nyumba zenye bustani zilikuwa za watu wa aina nyingine.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa afya. Mbu, malaria, tauni, moshi wa kuni. Kati ya makazi ya wazungu na ya wenyeji pakapendekezwa nafasi wazi, na Dar es Salaam uwanja wa Mnazi Mmoja ulitengwa kwa fikra hiyo, Kariakoo upande huu na mji wa biashara upande ule. Sidharau hofu ya malaria. Iliua wazungu wengi. Ila kama nia ilikuwa afya, bomba la maji na mtaro vingepelekwa kwanza kule kwenye watu wengi. Havikupelekwa, na kila aliyefanya kazi katika halmashauri za miji yetu anajua ni mitaa gani ilipata mtaro mwisho, kama imekwisha kuupata.

Lipo tawi jingine la sheria hizo ambalo lilitaja mwenyeji kwa jina, nalo lilikuja kama ulinzi. Mwenyeji hakuruhusiwa kumhamishia ardhi mtu asiye mwenyeji bila idhini ya Serikali. Likaongezwa sharti la mikopo: sheria nyingine ya mwaka 1923 ilizuia deni la mwenyeji kudaiwa mahakamani na asiye mwenyeji kama mkopo haukufuata utaratibu uliowekwa. Sitaki kuwa mwepesi wa kulaani hapa. Hofu iliyozaa masharti hayo ilikuwa ya kweli. Unguja na Pemba mashamba ya karafuu yalikuwa yakielekea kwenye mikono ya wakopeshaji kwa njia ya rehani, na hakuna sababu ya kuamini kwamba minazi ya Lindi ingepona.

Lakini itazame nyumba yenyewe. Nyumba ambayo huwezi kumuuzia mwenye fedha nyingi zaidi mjini ina bei ya chini kuliko ya jirani yako anayeweza. Nyumba ambayo haiwekwi rehani haimpi mwenyewe mtaji wa duka. Na mwenye duka akijua kwamba hataweza kukudai mahakamani, hakukopeshi kabisa, au anakukopesha kwa njia za giza na riba ya giza. Mwafrika wa mjini alilindwa dhidi ya kufilisiwa, na kwa kufuli hilo hilo akalindwa dhidi ya kutajirika.

Swali la nani ni mwenyeji lenyewe lilikuwa balaa katika miji kama Lindi na Mikindani. Sheria ilimhesabu Mswahili na Msomali kuwa wenyeji, Mwarabu na Mhindi kuwa wageni. Sasa ingia katika nyumba yoyote ya zamani ya huku. Baba Mshihiri, yaani Mwarabu wa asili ya pwani ya Yemen, mama Mmwera. Bibi mzaa mama Mmakonde wa bara ya Newala, na kwa Wamakonde na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama. Babu mzaa baba anasemekana alitoka Hadhramaut na jahazi la samaki. Mtoto wa nyumba hiyo ni nani mbele ya karani? Akijiandikisha Mwarabu anapata njia ya hati ndefu na mkopo dukani, na anapoteza haki za mila katika ardhi ya wajomba zake. Akibaki mwenyeji, kinyume chake. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuangukia pande mbili za sheria. Kuna magomvi ya mirathi huku kwetu ambayo watu wanayaita ya husuda, na ukiyafuatilia hadi chini yanaanzia katika fomu ya aina hii.

Mahakama nazo hazikusaidia. Katika kesi ya Mtoro bin Mwamba dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoamuliwa miaka ya mwanzo ya 1950, Mwafrika aliyedai umiliki kamili wa ardhi eneo la Dar es Salaam alikataliwa. Akaonekana kuwa na haki ya kutumia tu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali katika shauri la Lohay Akonaay, kwa hukumu iliyosema wazi kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Miaka arobaini na ushei kati ya hukumu hizo mbili.

Mtwara ina hadithi yake ya pekee, kwa sababu haikuurithi mgawanyo, ilizaliwa nao. Kabla ya mwaka 1947 mji ulikuwa Mikindani, na makao ya jimbo yalikuwa Lindi. Ukaja mradi wa karanga, mradi wa Serikali ya Uingereza iliyotaka mafuta ya kula baada ya vita, mashamba yake ya kusini yakiwa Nachingwea, reli ikishuka baharini, na bandari mpya ya kina kirefu kwenye ghuba ya Mtwara. Mradi ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954 mradi ukiwa umeshazikwa, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, makao ya jimbo yakawa yamehamia Mtwara. Ulichobaki nao ni mji uliochorwa wote kwa mkupuo mmoja, barabara pana, nafasi kubwa kati ya mtaa na mtaa.

Wageni wakija Mtwara husifu nafasi hiyo, na mimi naipenda. Lakini tazama tarehe. Mji huu ulichorwa baada ya vita vilivyopiganwa dhidi ya Hitler, nchi ikiwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na bado maofisa waliwekwa Shangani kwenye upepo wa bahari na nyumba zenye bustani, na makuli wa bandari na vibarua wa reli wakapelekwa ndani, mbali na maji. Umbali ule ambao leo bodaboda anautoza nauli ulikuwa na kazi yake. Wakati huo hata maneno ya kanda yalikuwa yakibadilika. Mpango mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1949 uliachana na lugha ya zamani, ukazungumza msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Uzunguni ikawa msongamano mdogo. Unaweza kuamka asubuhi ukakuta ubaguzi umeisha na hakuna aliyehama.

Uhuru ulipokuja, Serikali iliondoa yale yaliyoonekana. Mwaka 1963 umiliki kamili wa ardhi, ambao karibu wote ulikuwa mikononi mwa wageni, uligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia kama ya watu wengine. Mwalimu Nyerere alikwisha kuupinga umiliki kamili tangu mwaka 1958, akihofia kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, Waafrika maskini wangeiuza na kubaki wapangaji katika nchi yao. Hapo alikuwa sahihi, na kusini tuna sababu ya kumshukuru. Ila sheria ya mipango ya miji, ile iliyotungwa mwaka 1956 kwa kufuata mfano wa Uingereza, iliachwa ikaendelea kufanya kazi hadi ilipopatikana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Miaka hamsini na mmoja. Mawaziri wa ardhi walipishana, bendera ilibadilika, viwanja vikaendelea kukatwa kwa vipimo vile vile vya fikra.

Sasa nifike pale ambapo wenzangu wengi hupapita kimya. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba. Jengo lolote la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe halikalii lote, likawa la Serikali chini ya Msajili wa Majumba. Lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Sheria haikutaja Mhindi, na wapo Waafrika waliopoteza nyumba. Lakini wingi wa waliopoteza walikuwa Wahindi, na kila aliyepiga kura siku ile alijua itakuwa hivyo.

Kwa nini nyumba zilikuwa zao? Rudi kwenye kanda. Mhindi alizuiwa na ukuta wa mtindo wa Ulaya asiingie Uzunguni, na sera ya ardhi ya mashambani haikumfungulia mlango kwa urahisi. Alichobakiwa nacho ni kanda ya pili: hati ndefu, mawe, duka chini na chumba juu. Akiba ya ukoo mzima ilimiminwa katika ghorofa moja mtaa wa sokoni, Lindi au Mikindani. Sheria za mkoloni zilimsukuma kwenye tofali, halafu sheria ya wananchi ikaja kumhukumu kwa wingi wa tofali. Siku hizi ukishuka mitaa ya zamani ya Lindi kuelekea baharini unayaona baadhi ya majengo hayo, mbao za roshani zimeliwa, na swali la nani anapaswa kukarabati limekuwa likirushwa kutoka ofisi hadi ofisi tangu Msajili alipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Najua jibu litakalotolewa: ile ilikuwa siasa ya ujamaa, ililenga unyonyaji wa kodi za nyumba, haikulenga rangi. Nalikubali nusu yake. Kodi zilikuwa zikiumiza kweli, na mpangaji wa Kiafrika hakuwa na mtetezi. Lakini hatuwezi kusema kanda za Mwingereza zilikuwa za kibaguzi kwa sababu ya matokeo yake, ingawa maandishi hayakutaja rangi, kisha tukageuka na kuisafisha sheria ya mwaka 1971 kwa sababu maandishi yake hayakutaja rangi. Kipimo ni kimoja. Na kama tunataka kumtofautisha mwenye nyumba aliyenyonya na mjane wa Kihindi, Mbohora, aliyekodisha vyumba viwili vya juu ili ale, sheria ile haikujaribu. Iliuliza thamani ya ukuta, kama iliyoitangulia.

Leo mpaka wa kisheria ni uraia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamkataza asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sioni ubaguzi wa rangi katika hilo, na nchi nyingi zina sharti la namna hiyo. Hata gesi ilipowafanya madalali wa Dar es Salaam washuke kununua maeneo ya pwani ya Mtwara kwa bei ya kutupa, tatizo halikuwa wageni wa nje. Walikuwa Watanzania wenzetu wenye fedha na ramani, na waliouza walikuwa na karatasi ya mwenyekiti na mashahidi wawili.

Kinachonishughulisha zaidi ni sharti dogo lililo nyuma ya hati nyingi za viwanja vya makazi: peleka ramani ya jengo ndani ya miezi sita, kamilisha ujenzi ndani ya miezi 36, kwa vifaa vya kudumu vilivyoidhinishwa. Usipoendeleza, kiwanja kinaweza kubatilishwa apewe mwingine. Sharti hilo lina maana kwa vita dhidi ya walanguzi wa viwanja. Lakini lisome ukiwa mkulima wa korosho wa Mtwara vijijini aliyejikakamua kununua kiwanja kilichopimwa mjini.

Fedha yake huja mara moja kwa mwaka, minada ikianza Oktoba. Msimu wa kwanza anachimba msingi. Wa pili anapandisha boma hadi usawa wa madirisha. Wa tatu, kama bei imekubali, analifunga lenta. Bati ni msimu wa nne, milango na sakafu Mungu anajua. Akipata msimu kama ule wa mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakazibeba, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi mingi, basi mwaka mzima wa ujenzi umekwenda. Huyu hajengi polepole kwa uvivu. Anajenga kwa mwendo wa mkorosho. Sharti la miezi 36 limeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa kila mwezi na benki ya kumkopesha, na atakaponyang'anywa kiwanja ofisa ataandika kwamba mmiliki alishindwa kukiendeleza. Sentensi hiyo naifahamu, aliyeandikiwa mwanzo alikuwa seremala wa Lindi.

Wanunuzi wa viwanja vya msongamano mdogo Shangani si wazungu tena. Ni maofisa, wafanyabiashara, na mara mojamoja mbunge. Rangi imeondoka, na naona huo ni ushindi mkubwa ambao vijana hawaujui uzito wake. Ila kwa kuwa sheria haikuwahi kuuliza rangi, kuondoka kwa rangi hakukuilazimisha ibadili swali lake.

Sheria ya Ardhi inaruhusu mwenye hati kuomba kuongezewa muda au kubadilishiwa masharti. Wachache wanaojua hilo ni wale wale wasiohitaji kulijua. Madiwani wa Lindi na wa Mtwara Mikindani hawana mamlaka ya kulibadilisha sharti lenyewe, hilo liko kwa Kamishna wa Ardhi. Wanaloweza kufanya, na hata bajeti kubwa halihitaji, ni kumtaka afisa ardhi wao aeleze kila mwaka ni viwanja vingapi vilibatilishwa kwa kutoendelezwa, vilikuwa vya nani, vilikuwa vimefikia hatua gani ya ujenzi, na alipewa nani baadaye. Orodha hiyo ikishabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu ajisomee, ndipo barua ya kwenda kwa Kamishna iandikwe, ikiomba muda wa kujenga kwa mikoa ya korosho uhesabiwe kwa misimu.